Kazi mseto kwa mhandisi wa kiwanda: namna ya kuipata na kuishi nayo

Waraka wa kazi mseto, yaani kugawa siku za kazi kati ya nyumbani na kazini, katika kampuni kubwa ya viwanda kwa kawaida huandikwa na mtu wa ofisini kwa ajili ya watu wa ofisini. Siku mbili au tatu nyumbani, elewana na msimamizi wako, basi. Hauna habari na mhandisi ambaye asubuhi anachora na adhuhuri anaitwa kwa kuwa pampu inatetemeka. Mimi ni mhandisi wa mifumo ya udhibiti: kazi yangu ni vidhibiti vya PLC (kompyuta ndogo zinazoendesha mashine), vihisi, vali na programu inayoviendesha. Nimekuwa nikigawa muda kati ya nyumba na kiwanda tangu janga la 2020, kwanza nikiwa chini ya wengine, sasa nikiongoza kikundi kidogo. Wageni kikundini huniuliza waombe siku zipi. Huwa nawajibu kwamba siku ndizo za kufikiria mwisho.

Pima kazi kwanza

Chukua daftari, rudi nyuma wiki kadhaa, uandike kila ulichofanya. Usiandike jina la cheo, andika tendo lenyewe: nilikagua mchoro wa mabomba, nilipunguza kengele za tahadhari zinazolia ovyo, nilisimama na fundi tukitafuta kwa nini mota inajizima. Kisha jiulize kila tendo lilihitaji nini hasa: mashine, watu, au utulivu.

Fungu la utulivu ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kuandika programu ya udhibiti, kupiga hesabu za mizigo, kulinganisha zabuni, kuandika taarifa ya uchunguzi baada ya hitilafu, yote haya hufanyika vizuri zaidi mbali na karakana, kwa sababu karakanani kila mpita njia ana swali la dakika moja. Fungu la mashine nalo halina mjadala. Kuwasha mtambo mpya, kupima, kwenda kwa mtengenezaji kukagua mashine kabla haijasafirishwa, kuwinda hitilafu inayokuja na kuondoka: hapo unatakiwa uwepo, na mwenye kudai vinginevyo hajawahi kuisikia beringi inayokaribia kufa.

Fungu la watu ndilo lenye mtego. Mkutano wa kupeana taarifa za maendeleo unaweza kufanyika kwa video bila hasara, na mara nyingi ungeweza hata kuwa barua pepe. Lakini kikao cha kuchambua hatari za mtambo, ambapo mnapita mchoro bomba kwa bomba mkiulizana nini kitatokea shinikizo likizidi, kwa video hupoteza sauti moja muhimu kuliko zote: ya mwendesha mtambo. Yeye ndiye ajuaye kwamba vali fulani hukwama ikikaa muda mrefu bila kuguswa. Mbele ya kamera, na mameneja wakitazama, hunyamaza. Mchoro ukiwa umetandazwa mezani, ataweka kidole na kusema, "hii hapa hutudanganya." Kikao cha namna hiyo ninakiweka kiwandani daima, hata kama kila mhandisi angependa kukaa nyumbani.

Omba kwa awamu

Ukishapata mafungu yako utaona kwamba hayagawanyiki kwa wiki. Hugawanyika kwa awamu za mradi. Wakati wa usanifu unaweza kukaa nyumbani sehemu kubwa ya wiki na mtambo usikukose. Wakati wa kuwasha, au mtambo unapozimwa kwa matengenezo makubwa, hakuna siku ya nyumbani hata moja, na mara nyingi hakuna Jumapili pia. Waraka unaohesabu siku mbili kila wiki unakunyima wakati unaoweza na kukupa haki usiyoweza kuitumia. Kwa hiyo omba hesabu ifanywe kwa robo ya mwaka, au kwa mradi mzima. Andika ukurasa mmoja tu: awamu hii nitakuwa nyumbani kiasi hiki, awamu ile nitakuwa kiwandani muda wote, na nikiitwa kwa dharura nitafika ndani ya muda huu. Taja muda unaoweza kuutimiza kweli kweli. Msimamizi wako ataukumbuka kuliko maneno mengine yote uliyoandika.

Wakubwa wa uhandisi hupenda namba, na zipo. Siemens, kampuni ya uhandisi ya Ujerumani, ilitangaza Julai 2020 kwamba wafanyakazi zaidi ya 140,000 duniani wangeweza kufanya kazi popote kwa siku mbili au tatu kwa wiki, pale kazi yenyewe inaporuhusu. Mwaka 2024 jarida la sayansi la Nature lilichapisha jaribio lililofanywa China katika kampuni ya usafiri ya Trip.com, likihusisha wafanyakazi 1,612. Waliozaliwa tarehe witiri waliruhusiwa kukaa nyumbani Jumatano na Ijumaa, wengine wakaendelea ofisini siku zote tano. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja katika kundi la kwanza, na tathmini za utendaji hazikuonyesha tofauti hata baada ya miaka miwili. Mameneja waliokuwa wakitarajia tija ishuke walibadili maoni baada ya kuona matokeo. Itumie habari hiyo kwa uangalifu, lakini. Trip.com inauza safari, haiendeshi boila. Ukimpelekea meneja wa kiwanda jaribio lile kana kwamba linahusu kila kitu, atakucheka na atakuwa na haki. Litumie kutetea lile fungu la utulivu peke yake.

Angalia pia sheria ya nchi unakofanyia kazi. Uingereza, kwa mfano, tangu Aprili 2024 mfanyakazi anaweza kuomba utaratibu wa kazi unaonyumbulika kuanzia siku ya kwanza kazini, na mwajiri anatakiwa kujibu ndani ya miezi miwili. Ni haki ya kuomba, si ya kupewa, ila jibu la kimya haliruhusiwi.

Kuugusa mtambo ukiwa mbali

Hapa ndipo mhandisi wa kiwanda anapotengana na mwandishi programu wa benki. Yeye akikosea, programu inakwama. Sisi tukikosea, kitu kizito kinaanza kuzunguka mahali ambapo pengine pana mkono wa mtu.

Kanuni ya kikundi changu ni kwamba ukiwa nyumbani unasoma, huandiki. Unaweza kutazama viwango vya joto, shinikizo, kumbukumbu za kengele, hata programu inavyopita hatua kwa hatua. Ukitaka kubadilisha chochote, iwe namba moja tu ya kikomo, lazima pawe na mtu amesimama kwenye mashine, mnazungumza kwa simu wakati huohuo, na kibali cha kazi kimesainiwa kikitaja mabadiliko hayo. Kabla ya kubonyeza, unamwuliza anaona nini, na yeye anakujibu kwa sentensi kamili. "Sawa" haitoshi. "Kinga za mashine zimefungwa, hakuna mtu ndani, kufuli zote zimetolewa na wenyewe" ndilo jibu. Na kuwasha mota kutoka nyumbani ni marufuku, hata ukiwa na uwezo wa kufanya hivyo kwenye skrini. Utaratibu wa fundi kuweka kufuli yake na lebo yenye jina lake kwenye swichi kuu upo kwa sababu hiyo: umeme unakatwa pale pale, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Hakuna programu inayochukua nafasi ya ufunguo huo.

Njia ya kuingilia nayo ina mambo yake. Mei 2021 kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial Pipeline, Marekani, ililazimika kusimamisha bomba lake baada ya wadukuzi kuingia kupitia akaunti ya VPN (njia ya kuingia mtandao wa kampuni ukiwa mbali) iliyokuwa haitumiki tena, na ambayo haikuhitaji uthibitisho wa pili zaidi ya nywila. Haikuwa akaunti ya kiajabu. Ilikuwa tu imesahauliwa. Basi mradi ukiisha, andika mwenyewe kuomba akaunti yako ya mbali ifungwe. Usingoje watu wa mitandao wakumbuke. Usiingie kwenye mtandao wa mtambo kwa kompyuta ambayo watoto wanachezea michezo. Pitia ile seva ya kati iliyowekwa kwa ajili hiyo, hata kama ni ya polepole na inaudhi. Yangu inaudhi sana.

Michoro mizito ya pande tatu usiivute kwa intaneti ya nyumbani. Omba kompyuta ya mbali iliyoko kwenye seva za kampuni, ili skrini tu ndiyo isafiri. Na tafadhali, ukilichukua faili la mchoro kwenye hifadhi ya pamoja, lirudishe kabla hujafunga siku. Mhandisi aliyelala na faili la watu ni kama jirani aliyeondoka na ufunguo wa kisima.

Mafundi wanaona

Fundi hawezi kupeleka mashine ya kukereza nyumbani. Anafika na zamu yake, anaona viti vya wahandisi vitupu, na hitilafu ikitokea simu inaita bila kupokewa. Siku ambayo hilo litajirudia, kazi mseto itaanza kuandamwa kutoka chini, na malalamiko yatafika juu yakiwa yameiva.

Bandika orodha ukutani karakanani, ya karatasi, kwa sababu huko watu hawafungui kalenda za kompyuta: nani yupo leo, nani yuko nyumbani, namba yake ni ipi. Aliye nyumbani apokee simu ya karakana kabla ya kitu kingine chochote, mkutano ukiwemo. Gawaneni Jumatatu na Ijumaa kwa zamu, maana siku hizo zikiachwa huru kikundi kizima hutoweka. Halafu tetea na unyumbufu wao. Fundi anaweza kupewa nafasi ya kubadilishana zamu bila kuomba ruhusa ngazi tatu, kufanya saa nyingi kwa siku chache, au kukamilisha mafunzo ya lazima na kuandika taratibu za matengenezo akiwa nyumbani. Katika kikao cha menejimenti, ombi linalobebwa na wahandisi na mafundi pamoja husikilizwa kwa namna nyingine kabisa.

Siku ya kiwandani iwe ya kiwandani

Miaka ya 1970 mtafiti Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alipima jinsi wahandisi wanavyozungumza kazini, akakuta mazungumzo ya kitaalamu hupungua haraka sana umbali kati ya meza unapoongezeka. Ukipita kama mita 50, ya kila wiki karibu yanakwisha. Maana yake kwako ni kwamba kufika tu getini hakusaidii. Chagua siku ambayo watu unaowahitaji wapo, kisha kaa karibu nao. Kuja kiwandani na kuvaa vipokea sauti ili uhudhurie mikutano ya video ni kupoteza nauli.

Mimi huanza na makabidhiano ya zamu. Dakika chache zile, anayetoka anapomwambia anayeingia kilichomsumbua usiku, zina habari ambazo hazijaandikwa kwenye kitabu wala kwenye mfumo. Wahandisi wapya nawataka kiwandani zaidi ya wazoefu katika mwaka wao wa kwanza, na huwaambia hivyo tangu usaili. Hawafurahi, lakini mtambo hujifunzwa kwa masikio na pua kabla ya skrini.

Wakikuita urudi siku zote

Inatokea. Amazon ilifanya hivyo kwa wafanyakazi wake wa ofisi kuanzia Januari 2025, na kampuni za viwanda nazo hutazamana. Usianze kwa kulalamika kuhusu foleni za barabarani. Uliza tatizo gani linatatuliwa. Likiwa ni simu zisizopokewa, peleka kumbukumbu za simu. Likiwa ni michoro inayochelewa, peleka tarehe za kukabidhi kabla na baada. Ndiyo maana ni vizuri kuanza kuziweka kumbukumbu hizo mapema, wakati hakuna anayeziulizia. Kubali kuongeza siku katika awamu za kuwasha, ambazo ulikuwa ukizitumikia tayari, na uombe awamu ya usanifu ibaki ilivyo. Jibu likibaki hapana, omba sababu kwa maandishi na tarehe ambayo uamuzi utapitiwa upya, kisha iweke tarehe hiyo kwenye kalenda yako na ya msimamizi wako siku hiyohiyo.