Zibua masikio kabla hayajauma

Kwa wanaozamia, nimejifunza hili juzi tu na limenifaa sana: usisubiri maumivu ndipo uzibue masikio. Bana pua, funga mdomo, sukuma hewa taratibu mpaka usikie "tii" masikioni. Anza ukiwa bado juu ya maji, kisha rudia karibu kila unaposhuka urefu wa mkono, hasa mita 10 za mwanzo. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Puto lenye lita 6 za hewa juu ya maji hubaki na lita 3 ukilishusha mita 10, lita 2 kwenye mita 20, na lita 1.5 kwenye mita 30. Hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio husinyaa vivyo hivyo. Ukichelewa, ule mrija mwembamba unaotoka sikioni kwenda nyuma ya pua hubanwa na presha, na hapo hata usukume vipi haufunguki. Panda mita moja au mbili, jaribu tena.

Ukiwa na mafua, njia hii haifanyi kazi, na kulazimisha kunaweza kupasua ngoma ya sikio. Wala usimeze dawa ya mafua ili uzame: ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa hukwama sikioni wakati wa kupanda. Na miwani ya kuogelea isiyofunika pua iache nyumbani, kwa sababu hewa iliyomo husinyaa pia, nayo huna namna ya kuiongeza.