Kabla ya kumpokea mtu wa kujitolea kwenye kituo cha watoto

Kitambulisho: kishike mkononi, usikubali picha ya simu.

Cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya: kiwe cha karibuni. Huombwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu mtu anakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Mwambie fomu ya C24, ile ya alama za vidole, aichapishe pande mbili za karatasi moja, la sivyo atarudishwa. Na asianze kazi eti "cheti kiko njiani". Anayetoka Uingereza alete kile cha kulinda watoto kinachotolewa na ACRO, ofisi ya rekodi za polisi ya huko, maana rekodi za Kenya hazijui alichofanya kwao.

Sasa nisikilize vizuri. Cheti cha DCI hutolewa baada ya alama za vidole kulinganishwa na rekodi za polisi. Neno lisilofika polisi halimo. Sisi tulimpokea kijana wa kufundisha hesabu Jumamosi. Cheti chake kilikuwa safi, ndani ya bahasha ya plastiki. Nikakifungia kabatini, nikatulia. Mwezi wa tatu, mtoto wa miaka tisa akaanza kukaa karibu na mlango, begi mgongoni somo zima. Nilipomuuliza, akainamia viatu vyake. Siku hiyo ndipo nilipompigia mlezi wa kituo alikotoka yule kijana. Kimya. Kisha akasema, "Dada, kwa nini hukutupigia mapema?" Kule mzazi alikuwa amelalamika, wazee wakaketi, familia ikapewa mbuzi na pesa, mambo yakaishia kwa chifu. Hakuna aliyeandikisha OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Watu wazima walinyamaza, na cheti nacho kikanyamaza. Sisi tulimwondoa siku hiyo hiyo na kuripoti polisi, lakini yule mtoto hakurudi darasani hadi muhula uliofuata.

Kwa hivyo piga simu. Piga kila mahali alipowahi kufanya kazi na watoto, si kwa wadhamini wawili aliojichagulia. Usiulize kama ni mtu mzuri. Uliza, "Akirudi leo, mtampokea?" Halafu nyamaza, usikilize jibu linavyokawia.

Mengine: asibaki na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa. Asimpeleke mtoto nyumbani kwa boda. Picha za watoto zisikae kwenye simu yake. Cheti kiombwe upya kila mwaka. Mpishi na mlinzi nao walete vyao, hata jamaa wa mwenye kituo. Na namba 116 ya kusaidia watoto iandikwe ukutani, kwa kimo cha mtoto, mbali na ofisi yako.