Saiti ya duka lako: watu wapate kitu bila kukuuliza kila saa

Kama unauza online hapa Goma na watu bado wanakuandikia WhatsApp "sombe iko?" na sombe iko pale pale kwenye saiti, usikimbilie kubadilisha rangi, shida iko kwenye menyu ao kwenye kisanduku cha kutafuta.

Anza na kutafuta. Omba fundi akutolee maneno yote watu waliyoandika pale mwezi huu, yale yaliyoleta sifuri yaweke juu, hapo njo pesa inapotelea. Utaona wewe umeandika "feuilles de manioc", wa hapa anaandika sombe, wa Kinshasa anaandika pondu. Yote matatu yabandike kwenye bidhaa ile ile. Halafu kuna kikwembe na bikwembe, kiatu na viatu: programu nyingi za kutafuta zimezoea lugha zinazobadilika mwisho wa neno, yetu inabadilika mbele, kwa hiyo ingiza umoja na wingi wewe mwenyewe, pamoja na makosa ya vidole.

Kwa menyu (orodha ya sehemu za saiti), unahitaji vipande vya karatasi tu. Andika bidhaa moja kwa kila kipande, wateja wazipange mafungu na wenyewe wayape majina. Ndugu zako waache, watakusifia tu. Mama wa Birere akiweka makala ya kupikia pamoja na sufuria, usimrekebishe, andika.

Kisha jaribu kwenye telefoni ya mtu mwenyewe, na kioo chake kilichopasuka na mega zake. Usimwambie "fungua Chakula", hapo umeshamuonyesha njia, sema "jioni una wageni, tafuta kitu cha kula na bugali", halafu funga mdomo (hii njo ngumu kuliko yote, utatamani kumshika kidole). Angalia anabonyeza wapi kwanza. Akipotea muache apotee, mwishoni uliza "ulifikiri utakuta nini hapo?"

Hauhitaji umati. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama saiti ni rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanaonyesha kama 85% ya shida, na ni heri kupima 5, urekebishe, upime 5 wengine, kuliko 15 mara moja. Ila kama unauzia watu wa hapa na pia wale wa Ulaya wanaolipia familia chakula, hao ni makundi mawili, chukua 3 ao 4 kila upande.

Na ule ukurasa wa "hakuna kitu" usiuache mtupu, weka bidhaa zinazokaribiana na ile aliyotafuta, pamoja na namba yako ya WhatsApp.