Kupakia na kupima tela la kambi kabla ya kutoka Dar

Tela likiyumba kwenye barabara ya Morogoro, kagua mzigo kwanza. Mara nyingi umekaa nyuma, pua ikawa nyepesi. Pua ni pale tela linapokaa juu ya tufe la gari.

Hatua ya 1. Soma kibati cha tela upate uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Uzito wa tela tupu usiutoe kwenye kibati: rafu, tangi na stendi ya madumu vilivyochomelewa baadaye havimo. Lipeleke mizanini.

Hatua ya 2. Vizito viwe chini, juu ya ekseli (mhimili wa magurudumu) au mbele yake kidogo. Funga kwa mikanda ya kukazia. Kamba ya manila hulegea njiani.

Hatua ya 3. Pima pua, tela likiwa limepakiwa kila kitu. Uwanja uwe sawa, matairi yamezuiwa. Mizani ya kupimia watu haibebi pua nzima, kwa hiyo laza ubao mgumu: upande mmoja juu ya tofali, upande wa pili juu ya mizani, sentimita 90 kati yao. Andika namba ya ubao mtupu. Shusha pua kwa jeki juu ya kipande cha bomba, sentimita 30 kutoka kwenye tofali, ikiwa kwenye kimo kilekile cha kuvutwa. Soma mizani, toa namba ya ubao mtupu, kisha zidisha mara 3. Ikibaki 50, pua ina kilo 150. Kwa tela la kilo 1,400 ni sawa, maana tunataka pua iwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Kilo hizo gari ndilo linalozibeba, pamoja na abiria. Kama chuma cha kuvutia kinaruhusu pungufu ya hapo, punguza mzigo.

Sasa maji. Lita 100 ni kilo 100. Tangi likiwa mita 1.5 nyuma ya ekseli, na pua mita 3 mbele yake, kulijaza kunaondoa kilo 50 puani: 150 inakuwa 100, na tela sasa lina kilo 1,500. Hapo litayumba. Tangi likiwa mbele, pua hupungua kadiri mnavyotumia maji, na hatari inahamia safari ya kurudi. Pima mara mbili, tangi likijaa na likiwa tupu.

Hatua ya 4. Tairi lenye namba ya mzigo 102 ubavuni hubeba kilo 850, likiwa na upepo kamili. Pima upepo alfajiri, kabla ya foleni ya Kimara kuyapasha matairi moto.

Hatua ya 5. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, usukani uunyooshe. Usikanyage breki ya gari, usiongeze mwendo. Mkishasimama, hamishieni mzigo mbele.