Maji ya ziwa yakigeuka kijani: yapime kabla ya kuchota

Asubuhi isiyo na upepo pale mwaloni Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, maji ya ukingoni huota utando kama rangi ya nyumba iliyomwagika. Wengi husema ni uchafu tu. Mimi napima maji ya ziwa kila wiki, na ninachokiona kwenye chupa ni viumbe hai, vidogo mno, vyenye klorofili. Klorofili hufyonza mwanga mwekundu na wa buluu, wa kijani ndio unaofika machoni. Baharini mambo ni hayohayo: maji ya mbali na pwani ni ya buluu kwa kuwa viumbe hawa ni haba huko.

Hatua ya 1: sahani. Chukua mfuniko wa ndoo wenye upana wa sentimita 20 hivi, ugawe mara nne kama chapati, paka nyeusi na nyeupe kwa kupishana. Pitisha kamba katikati, ning'iniza jiwe chini, piga fundo kila sentimita 10. Kipimo hiki cha uangavu wa maji kina asili yake mwaka 1865, padri Angelo Secchi aliposhusha sahani kwenye Bahari ya Mediterania. Ishushe mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli. Inapopotea, hesabu mafundo. Ivute taratibu, inapoonekana tena hesabu tena. Kina cha katikati ya hesabu hizo mbili ndicho jibu: kikiwa kifupi, maji si angavu.

Ila sahani haitofautishi mwani na tope, na mvua ikinyesha Mto Mirongo, unaomwaga maji ziwani hapa Mwanza, huleta tope jingi. Kwa hiyo usiishie hapo.

Hatua ya 2: chupa. Hii ndiyo ninayoiamini zaidi. Vaa glavu, jaza chupa angavu robo tatu, funga, iache usiku kucha bila kuitikisa. Tope litatuama chini. Kijani kikipanda na kufanya pete shingoni mwa chupa, shuku sianobakteria, yaani bakteria wenye klorofili ambao huitwa pia mwani wa buluu-kijani. Wana vijifuko vya hewa vinavyowaelesha, ndiyo maana utando huonekana ziwa likiwa shwari. Upepo ukivuma huchanganyika na maji, watu wakadhani yamesafika, kumbe bado wamo. Ukiiacha chupa siku kadhaa, ukingo wa pete hugeuka buluu kama wino: seli zinakufa na rangi iliyojificha ndani inavuja.

Hatua ya 3, kama shule ya jirani ina hadubini: weka tone moja utafute aina mbili za sianobakteria. Microcystis ni vidoa vingi vilivyoshikana ndani ya ute, mfano wa mayai ya chura. Dolichospermum ni mkufu wa shanga.

Hatua ya 4: uamuzi. Baadhi ya sianobakteria hutoa maikrosistini, sumu inayoshambulia ini, na macho hayawezi kusema ipo au haipo. Hilo ni la maabara. Mama mmoja aliyekuja na ndoo aliniuliza, "Mwanangu, nikiyachemsha si yatafaa?"

"Hapana, mama. Moto unaua vijidudu vya kipindupindu, lakini sumu hii haiondoki. Tena seli zikipasuka kwa joto, inamwagika yote majini."

Basi pete ikitokea, usichote hapo wala usiogeshe watoto, na ng'ombe wanyweshwe kwingine. Samaki waliovuliwa kwenye utando, tupa matumbo na maini, osha mnofu kwa maji ya bomba. Kesho yake rudia chupa.