Jinsi ya kuandika riwaya ya upelelezi kuhusu chama cha siri kisiwani

Anza na tarehe, si na mizimu. Mimi hukirudia kisa cha Sicily, kisiwa cha Italia, kwa sababu kimejaa mianya. Mwaka 1920 Mwingereza Aleister Crowley alipanga nyumba mjini Cefalù, akaigeuza makao ya wafuasi wake wa uchawi. Februari 1923 kijana mmoja, Raoul Loveday, akafariki humo. Huko Uingereza ukavuma uvumi kwamba aliuawa na damu ya paka aliyoinywa katika ibada. Maelezo yanayoaminika zaidi ni maji machafu aliyokunywa. Aprili mwaka huohuo serikali ya Mussolini ikamfukuza Crowley.

Kifo kimoja, maelezo mawili, na serikali inayotaka wageni waondoke: hapo ndipo pa kumweka mpelelezi wako. Mbuni mtu wa kawaida, tuseme daktari wa mji, mwenye chupa ya maji yale mkononi. Ila usiwabebeshe watu halisi uhalifu ambao hawakuutenda. Badili majina, na kisiwa kiwe chako.

Kisha itumie bahari. Mashua ya barua huja lini? Nani hushika mfuko wa barua kabla haujafunguliwa? Panga ratiba hiyo kabla ya sura ya kwanza, maana barua iliyochelewa siku tatu yaweza kumponza asiye na hatia.

Ibada zieleze kwa ufupi. Nta iliyogandia zulia, au mwanachama anayekohoa katikati ya kiapo, hutisha kuliko mapepo. Na mchunguze sana yule anayelipa kodi ya nyumba.