Jinsi ya Kusoma Ukuta wa Shimo: Mvua Imehamisha Nini, Imekiacha Wapi

Maji yanapotuama shambani siku mbili baada ya mvua, au mahindi yanaponyauka ilhali udongo wa juu bado una unyevu, wengi hulaumu mbegu au mbolea kabla ya kuchimba na kuangalia. Maji yanayozama ardhini hayazami matupu. Huondoka juu na chembe laini za mfinyanzi, chuma, chokaa na chumvi, kisha huziacha kila moja kwenye kina chake, hivyo tabaka moja hufilisika na la chini yake hurundikiwa.

Chimba shimo la mita moja na nusu kwenda chini, lenye upana wa kumtosha mtu kuchuchumaa, na upande mmoja uuelekeze kwenye jua ili uonekane vizuri. Udongo wa juu uweke kando ya kushoto na wa chini kando ya kulia, visichanganyike, na usimwage kitu juu ya ukuta utakaousoma. Ukimaliza, ubanduebandue ukuta huo kwa ncha ya kisu kuanzia juu, kwa kuwa jembe huupaka matope na kuficha kila kitu.

Sasa shuka na kisu polepole, ukichukua donge dogo kila sentimita 10. Lilowanishe, likande, kisha libonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada ili litoke kama utepe. Kichanga hakitoi utepe; mfinyanzi hutoa mrefu. Mahali ambapo utepe unarefuka ghafla ndipo mfinyanzi uliohama ulipotua, hasa ikiwa tabaka la juu yake limepauka kama majivu.

Thibitisha kwa kuvunja donge la tabaka hilo kwa mikono, bila kulikata, na kuligeuzageuza juani. Ukiona utando mwembamba unaong'aa kwenye nyuso zake na ndani ya vijitundu vya mizizi ya zamani, mithili ya chungu kilichosuguliwa kabla ya kuchomwa, huo ni mfinyanzi ulioshuka na maji na kubaki pale donge kavu lilipoyafyonza. Kwangu mimi hii ndiyo dalili ya kutegemewa kuliko rangi. Lakini usilichanganye na tabaka gumu la sentimita 15 hadi 20 linalotokana na plau kupita kina kile kile kila mwaka: hilo huvunjika kwa vipande bapa, na chini yake udongo hulegea tena.

Madoa ya kutu yaliyochanganyika na kijivu yana maana kwamba maji hukaa hapo kwa msimu, kwa sababu chuma huyeyuka hewa inapokosekana na kugeuka kutu inaporudi. Vijiwe vyeupe vinavyotoa povu vikidondoshewa siki ni chokaa, nayo hujikusanya pale mvua inapoishia kuzama.

Si kila kitu hushuka. Mchwa hupandisha udongo wa chini hadi kichuguuni, jua la kiangazi huvuta chumvi juu, na udongo mweusi wa mbugani hupasuka na kumeza udongo wake wa juu, kwa hiyo usishangae ukikosa humo matabaka yaliyoachana.

Shimo moja halitoshi kwenye mteremko. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Usambara, alieleza kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kutoka kilimani hadi bondeni kama pete za mnyororo, akauita mfuatano huo katena. Wasukuma wana majina yao: luseni kwa kichanga cha juu, itogolo kwa kichanga kilicholalia mfinyanzi mgumu chini ya mteremko, na mbuga bondeni. Basi chimba matatu.

Kwenye kichanga kirefu, gawa mbolea ya kukuzia mara mbili au tatu, maana nitrojeni hushuka upesi kuliko mizizi. Kwenye itogolo usilime kwa kina na kuupandisha mfinyanzi wake, ambao mara nyingi una magadi. Tabaka hilo lisilopitisha maji ndilo linalofanya majaruba ya mpunga yashike maji.

Fukia shimo siku hiyo hiyo, kabla ng'ombe au mtoto hajatumbukia, ukianza na lundo la kulia.